Mabuti Mawili ya Kushoto

Kila jioni, kabla hajafunga banda lake, fundi viatu anayeitwa Kushoto hupanga viatu vya watu kwenye rafu. Cha kushoto hukaa kushoto na cha kulia hukaa kulia, kisigino kwa kisigino, kamba zimeingizwa ndani zisining'inie. Akishamaliza hufuta sindano zake kwa kitambaa chenye mafuta, hukaza kifuniko cha kopo la gundi, na kukigeuza kigoda cha wateja kitazame ndani. Kisha husema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaliyokatika, "Unakumbuka ile siku ya sufuria?"

Hapo ndipo Sufuria huja.

Sufuria alikufa vitani, zamani, siku ya mvua. Huja amevaa buti moja, la mguu wa kulia. Mguu wa kushoto unaishia palepale ulipoishia siku ile, lakini hutembea vizuri tu. Umri wake haukusogea. Kushoto ana mvi mpaka kwenye nyusi, ila humwita "ndugu yangu" kama zamani, na mpita njia asiyejua angedhani ni babu anampigia soga mjukuu wake.

Mke wa Kushoto huleta vikombe viwili vya chai. Cha Sufuria hupoa tu, na kikishapoa mama huyo hukinywa mwenyewe, maana hapendi sukari imwagwe.

"Shemeji, kung'uta hilo buti kabla hujaingia," humwambia. "Matope ya vita nimeyafagia mpaka nimechoka."

"Samahani, shemeji," husema Sufuria, na hulikung'uta. Matope huanguka mlangoni, mabichi kama ya leo asubuhi.

Hadithi ya sufuria yenyewe ni hii. Kofia za chuma zilikuwa zimepungua, na kijana mmoja mwembamba, mpenda vitendawili, akajipatia sufuria ya mpishi, akaifunga kidevuni kwa kamba ya hema. Ikamkaa barabara. Mabomu yakaanza kuanguka, watu wote wakalala kifudifudi handakini, na mpishi akatokea huko nyuma akitambaa kwa viwiko, risasi zinapita juu ya mgongo wake.

"Nipe sufuria yangu!"

"Mzee, tunapigwa!"

"Mnapigwa, sawa. Vita vitaisha leo, vitaisha kesho, mimi sijui. Lakini saa saba watu watataka kula, na hapo mtanitafuta mimi, si adui."

Akaivua kichwani kwa kijana, akatambaa nayo kurudi alikotoka. Watu wakala saa saba. Kijana akabaki na jina.

Jina la Kushoto nalo lilitoka stoo. Walipokuwa makuruta, sajini wa stoo aligawa mabuti kwa haraka kwa sababu lori lilikuwa linanguruma nje. Kila buti lilichomwa namba ya mwenyewe kwenye soli kwa chuma cha moto, na namba ikishachomwa imechomwa. Kushoto akafungua fungu lake, akakuta mabuti mawili ya kushoto. Aliyefuata kwenye mstari, ambaye alikuwa bado hajaitwa Sufuria, akakuta mawili ya kulia.

"Afande, yangu yote ni ya kushoto."

"Umepewa mabuti mangapi?"

"Mawili, afande."

"Una miguu mingapi?"

"Miwili, afande."

"Sasa unalia nini? Ondoka!"

Basi wale wawili wakaenda nyuma ya choo wakabadilishana, buti moja kwa buti moja. Kuanzia hapo kila mmoja alitembea na namba ya mwenzake mguu mmoja. Siku za ukaguzi, namba zinaposomwa, ilibidi kila mtu avae zake: Kushoto akienda amepinda upande huu kama mkokoteni wenye gurudumu bovu, Sufuria amepinda upande ule, mpaka wakagongana mbele ya kapteni. Kapteni alisema ni jambo jema askari wakipendana, ila si katikati ya gwaride. Baada ya ukaguzi wakarudi nyuma ya choo. Walifanya hivyo mpaka ikawa kama kunawa uso.

Hadithi hizo Kushoto amezisimulia mara nyingi mno, na Sufuria huzicheka kila mara kama mpya, anajipigapiga goti. Akikosea mahali, Sufuria humsahihisha. Hiyo ndiyo raha yake Kushoto. Mkewe ni mtu mwema na watoto wake wanamheshimu, lakini hakuna hata mmoja wao aliyelala naye kwenye maji ya handaki. Ukimsimulia mtu ambaye hakuwepo, anacheka kwa adabu. Aliyekuwepo anacheka kabla hujafika penyewe.

Kuna hadithi moja tu wasiyoisimulia, ingawa nayo ilianza kwa mzaha.

Ilikuwa mchana wa mvua, hakuna vita wala amani, na Sufuria akasema, "Kitendawili."

"Tega."

"Chumba cha mama hakina mlango wala dirisha, na mgeni wake huingia kwa tumbo."

Kushoto akasema chungu. Akasema mzinga wa nyuki. Akasema kaburi, na Sufuria akasema wacha mikosi. Mwisho akakubali kushindwa.

"Nipe mji," akasema Sufuria.

"Chukua ule wenye stesheni ya reli."

"Una moshi, siutaki. Nipe mwingine."

"Chukua ule wenye kiwanda cha sabuni."

"Huo nitaufikiria. Nenda kwanza, unaitwa."

Kushoto alikuwa anaitwa kweli. Zamu ya maji ilikuwa yake. Akachukua madebe akaenda mtoni, na aliporudi handaki halikuwepo tena. Palikuwa na shimo pana linalojaa maji. Kilichopatikana ni buti moja la kushoto, pamoja na kilichokuwa ndani yake.

Sajini wa stoo akaligeuza, akasoma namba kwenye soli. Namba ilikuwa ya Kushoto. Akaandika kwamba Kushoto amekufa.

"Afande, mimi nipo hapa."

Sajini akamtazama, kisha akalitazama buti. "Namba haiwezi kudanganya," akasema. "Wewe unaweza."

Na yule mwingine, kwa kuwa haikuonekana namba yake pale shimoni, akaandikwa mtoro.

Mazishi yakafanywa kwa heshima zote. Walipungukiwa mtu mmoja wa kubeba jeneza, na Kushoto akapangwa mbele, upande wa kushoto. Jeneza lilikuwa jepesi. Baada ya hapo hakupewa zamu nyingine, maana marehemu hapangiwi zamu, akafunga virago akaenda kwao. Vita vilipoisha, jiwe kubwa likasimamishwa kwenye uwanja wa mji, jina lake likachongwa katikati ya majina. Kila mwaka, siku ya kuwakumbuka waliokufa, majina husomwa kwa kipaza sauti na mji mzima hunyamaza. Likisomwa la kwake, majirani humgeukia na kumpa pole.

Mji wenyewe ulikuwa uleule wa kina Sufuria. Kushoto alihamia huko baada ya vita, akafungua banda mtaa wa pili kutoka nyumbani kwa mama yake Sufuria. Alisema ni kwa sababu barabara ile ina mawe na viatu huharibika upesi.

Siku ya kwanza kabisa alikwenda kwa yule mama akamweleza ukweli wote, mabuti, namba, shimo la maji. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Lakini serikali imeniambia ametoroka. Wamenipigia na muhuri."

"Mama, wamekosea."

"Wewe unaniambia amekufa. Wao wananiambia anakimbia. Ungekuwa mzazi, ungemwamini nani?"

Mtaani walimwita mama wa mtoro. Wanawake ambao majina ya watoto wao yalikuwa kwenye jiwe hawakukaa naye benchi moja, na binti yake alikosa mchumba kwa ajili hiyo, akaenda kuolewa mbali. Mama mwenyewe hakubishana na mtu. Kila asubuhi alifagia uvungu wa kitanda chake, akatandika mkeka na mto, akaweka kopo la maji na kulifunika sahani. Mtoro hurudi nyumbani, alisema, na akirudi lazima pawe na mahali pa kumficha. Kushoto aliuona uvungu ule kila alipompelekea ndala zake zilizoshonwa, na miaka yote hiyo hakuutambua.

Basi jioni moja mke wa Kushoto alileta kikombe kimoja tu.

"Changu kiko wapi, shemeji?" akauliza Sufuria.

"Chako sikukipika. Nimetoka kwa mama yako. Leo amefagia akiwa amekaa chini, anajikokota na ufagio. Nimetaka kumpokea, amekataa. Anasema, 'Nikimwachia mtu mwingine hatafika kwenye kona.' Wewe uko hapa unacheka mambo ya sufuria."

Sufuria akalitazama buti lake. "Nikienda kama mtoro, watu watasema kumbe kweli. Nikienda kama maiti, ataanguka. Nataka niende na jina langu, shemeji. Mtu aende kwa mama yake hana mguu, na jina pia hana?"

"Kalitafuteni basi hilo jina, mama bado anaweza kulisikia."

Kushoto hakulala vizuri, maana kwenda ofisi ya askari wa zamani alikwishakwenda mara nyingi peke yake, na kila mara aliambiwa hakuna shahidi. Safari hii shahidi alikuwepo. Ila Sufuria hakai mahali pasipo hadithi, na kutoka bandani mpaka huko ni mwendo. Asubuhi Kushoto akaanza kusimulia mlangoni kwake, akaenda akisimulia njia nzima, bila kupumzika, mkono umemshika mwenzake kiwiko.

Alisimulia vile walivyochimba handaki kutwa nzima, ramani imeshikwa juu chini, na jioni wakagundua bunduki zote zimeelekea jikoni kwao. Mpishi alitoka na mikono juu. Alisimulia na asubuhi ya ukungu, walipoona kundi la watu weupe wamesimama kimya kwenye kilima, wakapiga risasi mpaka wale watu wakainamisha mikono. Ukungu ulipoondoka wakakuta ni nguo za kapteni, zimeanikwa.

"Na kapteni akasema nini?" akauliza Sufuria, ambaye alijua.

"Akasema, 'Hongereni, mmeiteka suruali yangu.'"

Mwanamke aliyekuwa akiuza sabuni kando ya njia alimwona Sufuria akicheka, akasogeza kapu lake apite na ule mguu.

Karani wa ofisi alikuwa na muhuri, kidau cha wino, na feni iliyolia kila ilipogeukia upande wa dirisha. Alimtazama Kushoto, kisha akamtazama Sufuria kutoka juu mpaka chini, mpaka pale ambapo hapakuwa na kitu.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye aliyekufa siku ile mliyoniandika mimi," akasema Kushoto. "Mlisema nilete shahidi."

"Ana kitambulisho?"

Sufuria akainua mguu wake wa kulia, akaonyesha soli. Karani akavaa miwani, akasoma namba, akaenda kabatini, akarudi.

"Namba hii ni ya mtoro."

"Mtoro gani, mzee, na mimi ni maiti?" akasema Sufuria. "Nishike mkono."

Karani akamshika mkono. "Ni wa baridi," akakubali. "Lakini ngoja niwaeleze, maana mimi si mtu mbaya. Maiti akija hapa, ana utaratibu wake. Mtoro akijisalimisha, ana utaratibu wake. Mtu hawezi kupita milango miwili kwa mara moja. Tunaanza na ule ulioandikwa kwanza, na ulioandikwa kwanza ni utoro."

"Futeni basi jina langu kwenye jiwe," akasema Kushoto, "muandike lake. Ni hilo tu. Mimi sina haja ya kuwa marehemu."

"Nikilifuta lako nitabaki na shimo."

"Muandikeni yeye kwenye hilo shimo."

Karani akachukua rula, akapima kwenye karatasi, akatikisa kichwa. Alionekana kusikitika kweli. "Jina lake ni refu. Halitaenea."

Feni ikalia upande wa dirisha.

"Na sasa kwa kuwa amekuja mwenyewe," karani akaendelea, akifungua kidau, "ni lazima niwaarifu polisi wa jeshi waje wamchukue. Mtoro mmoja, mabuti mawili, mali ya serikali. Kaeni kwenye benchi."

Hawakukaa kwenye benchi. Kushoto alimshika mwenzake kiwiko wakatoka. Safari hii hakusimulia kitu, alisahau, na Sufuria hakutoweka. Alikuwa mtu anayetafutwa, na mtu anayetafutwa hana nafasi ya kutoweka.

"Tunakwenda wapi?" akauliza Kushoto.

"Wewe unadhani mtoro hukimbilia wapi?"

Mlango wa mama yake haukufungwa. Haukuwahi kufungwa tangu vita. Mama alikuwa amelala ubavu, amejifunika khanga, ufagio umeegemezwa kitandani. Alifungua macho, akamtazama mwanawe kwa muda, bila haraka.

"Umechelewa," akasema.

"Nilikuwa mbali, mama."

"Hebu." Akamshika mkono, akaushika tena kwa viganja vyote viwili, akausugua kama unavyosugua mkono wa mtoto aliyetoka kuchezea maji. Haukupata joto. Mama akaelewa alichoelewa, akatazama pembeni kidogo, kisha akarudisha macho.

"Na mguu?"

"Wameuzika, mama. Kwa heshima zote. Mizinga imepigwa."

"Basi hilo vizuri." "Wanakutafuta?"

"Wananitafuta."

"Kama mtoro?"

"Kama mtoro, mama. Nilitaka nije na jina safi. Limekataa kuenea."

"Jina nilikupa mimi," mama akasema. "Lilikuenea tangu ukiwa na kitovu. Haya, ingia chini kabla majirani hawajaona. Kama vile baba yako alipokuwa anakuja na mkanda."

Sufuria akalala kifudifudi. Akatambaa kama walivyofundishwa ukurutani, kiwiko cha kulia, kiwiko cha kushoto, kichwa chini, tumbo limegusa sakafu iliyofagiwa, mpaka buti likapotelea ndani. Mkeka ukalia kidogo.

"Kushoto," sauti ikatoka uvunguni.

"Naam, ndugu yangu."

"Chumba umekiona?"

Kushoto akainama, ingawa magoti yake hayapendi tena mambo hayo. Akaona giza safi, mto, kopo lililofunikwa sahani, kona zisizo na vumbi. Hapakuwa na mlango wala dirisha.

"Nimekiona."

"Basi chukua miji yako yote. Mimi nimefika."

Polisi wa jeshi walikuja siku ileile, wawili, vijana, viatu vinang'aa. Walibisha hodi kwa adabu. Mama aliwajibu akiwa amelala.

"Tunamtafuta mwanao, mama."

"Mlisema ametoroka. Sasa mnamtafuta kwangu?"

Mmoja wao akapiga goti akachungulia uvunguni. Akakaa hapo kidogo, kisha akasimama, akijipangusa suruali.

"Yupo?" mwenzake akauliza.

"Yupo mmoja. Lakini ana buti moja, na agizo linasema mawili."

"Basi siye."

"Siye. Samahani kwa usumbufu, mama."

Wakaenda. Huja tena mara kwa mara na agizo lilelile, huchungulia, huhesabu, huomba radhi. Mama siku hizi hukaa kitako wakija, na amerudi kufagia akiwa amesimama. Mtaani bado wanamwita mama wa mtoro. Huitika haraka kuliko zamani, na wengine wamesema kwamba hana haya.

Jioni ya kwanza baada ya mambo hayo, Kushoto alipanga viatu kwenye rafu, cha kushoto kushoto, cha kulia kulia, akakigeuza kigoda. "Unakumbuka ile siku ya sufuria?" akasema. Kigoda kikabaki kigoda. Alisimulia mpaka pale watu walipokula saa saba, hakuna aliyemsahihisha, na katikati aligundua amekosea rangi ya kamba. Mkewe alileta vikombe viwili kwa mazoea. Alivinywa vyote.

Kwa hiyo sasa anafunga banda mapema, anapanda mtaa wa pili, anakaa ukingoni mwa kitanda cha mama. Anaanza hadithi, na kabla hajafika penyewe kitanda kinatikisika kwa kicheko kutoka chini. Mama hugonga ubao wa kitanda kwa kifundo cha kidole. "Polepole. Kuta zina masikio." Kushoto huondoka kukiwa bado na mwanga, kwa sababu chumba ni cha mama, na mgeni wake ni mmoja.

Siku ya kuwakumbuka waliokufa, mwaka huo, hakwenda uwanjani. Alikuwa kwa mama, anamtilia msumari kwenye ndala, wakati kipaza sauti kilipoanza. Sauti ilipita juu ya mabati ya mji mzima, jina baada ya jina, na baada ya kila jina palikuwa na kimya kirefu, kile ambacho hakuna anayeweza kukijibu. Likafika jina la Kushoto. Likasomwa vizuri, lote, kwa heshima.

Kushoto hakuinua uso. Halikuwa lake tena, na aliyezikwa nalo alikuwa karibu.

"Yupo, afande!" sauti ikatoka uvunguni.

Mama akagonga ubao wa kitanda. "Nyamaza, mwanangu, watakusikia."

Huko uwanjani hawakusikia. Kipaza sauti kikakwaruza kidogo, kikaendelea na jina lililofuata.